Mchoro Unapopoteza Makali Njiani

Mama mmoja wa Beni, anayenunua kakao kwa wakulima wadogo na kuikausha kabla ya kuivusha mpaka wa Kasindi, aliniomba nimchoree tangazo la kusogea kwa ajili ya ukurasa wake wa wavuti. Hakutaka makubwa. Chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, lenye magunia matatu linashuka kutoka mbali, linakua kadiri linavyokaribia, mlima Ruwenzori umesimama nyuma yake, kisha jina la biashara linatokea kwa herufi za kahawia. Kwenye kompyuta yangu hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, kila mstari ulikuwa umenyooka kama uzi wa mwashi. Siku ya pili akanipigia simu.

"Mwanangu, kazi ni nzuri, lakini mbona chukudu langu limejaa moshi? Na jina langu ni kama limeandikwa kwa mkaa uliolowa."

"Mama, samahani. Niachie siku chache nilitazame."

Nilichokikuta ndani ya kazi hiyo ndicho ninachotaka kukieleza hapa polepole. Vijana wengi wa Butembo na Beni sasa wanachora kwa kompyuta: matangazo ya maduka, kaliko, yaani mabango ya kitambaa, za harusi, nembo za vikundi vya wakulima, katuni fupi za shule. Wengi wamejifunza wenyewe, usiku, umeme ukiwepo. Na karibu kila mmoja wao ameuonja ugonjwa huu: mchoro safi ndani ya programu, ukungu kwenye simu ya mteja. Dawa yao ya kawaida ni kubahatisha, kuongeza ukubwa wa kila kitu na kutoa faili upya. Pengine inasaidia. Lakini asiyejua kwa nini imesaidia atakwama tena kesho, mbele ya mteja mwingine.

Tuanze na tofauti iliyo mzizi wa yote. Nenda kwa fundi cherehani akuchukue vipimo. Daftari lake halina kitambaa hata kipande. Lina namba za kifua, kiuno, bega, urefu wa mkono. Kwa namba hizo anaweza kukata suruali ya mtoto au ya baba yake kwa kuzidisha kipimo tu, na mshono utatoka mpya kila mara. Nguo iliyokwisha kushonwa ni jambo jingine. Ukiivuta imwenee mtu mnene, nyuzi zinaachana na kitambaa kinaonyesha mwanga. Mchoro wa vekta ni lile daftari: unasema mstari unaanzia hapa, unapinda hivi, unaishia pale, na ndani yake kuna rangi hii. Picha ya nukta, yaani foto, ni nguo iliyokwisha kushonwa.

Hesabu ya mipindo hiyo imetoka kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa. Pierre Bézier wa Renault na Paul de Casteljau wa Citroën, kila mmoja kwa njia yake, waliitafuta ili waweze kueleza umbo la bodi ya gari kwa namba chache. Mpindo wa Bézier ndio unaouvuta leo kwa vishikio viwili ukiwa ndani ya Inkscape au Adobe Animate, na ndio unaokaa ndani ya faili la SVG, muundo ambao shirika la W3C liliuidhinisha mwaka 2001.

Sasa fikiria jambo moja ambalo mafunzo mengi hulipita haraka. Hakuna kioo cha simu kinachoonyesha mistari. Kioo kina nukta tu, safu kwa safu, kama shanga. Kwa hiyo kila mchoro wa vekta, hata uwe safi namna gani, lazima mahali fulani ugeuzwe kuwa nukta. Habari yote ya ukungu iko hapo: uligeuzwa wapi, na kwa kipimo cha nani? Ukigeuzwa mwishoni kabisa, ndani ya simu ya mtazamaji, kwa kipimo cha kioo chake, unafika na makali yake. Ukigeuzwa mapema kwa kipimo kidogo, halafu nukta zile zikavutwa ili zijaze kioo, unafika umefifia, na hakuna programu itakayoirudisha mistari iliyokwisha kupotea. Kazi yetu ni kuitafuta sehemu ile ya kugeuzia na kuisogeza karibu na macho ya mtazamaji kadiri inavyowezekana.

Kabla ya kugusa faili, utazame ukungu wenyewe, maana husema ulikotoka. Fungua kazi kwenye simu ya mteja au simu inayofanana nayo. Kompyuta yako iache kwanza. Kama kila kitu kimefifia sawasawa, herufi, mlima na gurudumu, shuku kiwanja kizima cha kuchorea. Kama kitu kimoja kimefifia huku jirani yake ana makali, ubaya umo ndani ya kitu hicho. Kama kitu kinaanza kikiwa safi na kuingia ukungu kinapokua, kilipigwa picha kikiwa kidogo. Kisha weka vidole viwili kwenye kioo uvute. SVG ya kweli hutetereka kidogo, halafu hutulia ikiwa safi, kwa kuwa kivinjari kimeichora upya. Kanvasi, kiwanja cha nukta ndani ya ukurasa wa wavuti, haichorwi upya kwa kuvutwa. Inazidi kufifia kadiri unavyovuta. Jaribio hilo ni la sekunde kumi na halili mega zako.

Kwa mama wa kakao kulikuwa na magonjwa matatu kwa pamoja, ndiyo sababu kubahatisha kusingefika popote.

La kwanza lilikuwa la kiwanja kizima. Simu zinazojaa maduka ya Butembo, zile ambazo wafanyabiashara wetu huzifuata Dubai na Guangzhou, nyingi zina kioo chenye upana wa nukta 720. Lakini kivinjari cha simu hiyo kikiulizwa upana wake, mara nyingi hujibu 360. Hakidanganyi. Tangu iPhone 4 ya mwaka 2010, nukta za simu zimesongamana mno, hata herufi ikipimwa kwa nukta halisi ingekuwa ndogo kama sisimizi. Ndipo vivinjari vikaanza kuhesabu kwa kipimo kikubwa zaidi, na ndani ya kila kipimo kimoja kuna nukta mbili kwa mbili, yaani nne. Kwenye simu za bei kubwa, tatu kwa tatu, yaani tisa. Uwiano huo kivinjari hukuambia ukiuliza kwa neno devicePixelRatio.

Kanvasi, ambayo ndiyo kiwanja kinachotumiwa na Adobe Animate inapotoa kazi ya wavuti, ina vipimo viwili ambavyo watu huvichanganya. Kimoja ni idadi ya nukta inazobeba. Kingine ni nafasi inayoichukua ndani ya ukurasa. Kanvasi yangu ilibeba nukta 360 kwa 640 na ikachukua nafasi ya 360 kwa 640. Kwa hesabu ya karatasi ni sawa kabisa. Kwenye simu ya mama ilimaanisha kwamba kila nukta niliyoichora ilibidi ifunike nukta nne za kioo, na kivinjari, katika kujitahidi kuzijaza, kikazipaka zote rangi ya katikati. Ule upakaji ndio mama aliouita mkaa uliolowa.

Dawa yake ina hatua tatu, na zote ni za lazima. Iongezee kanvasi nukta kwa kuzidisha na uwiano wa simu, kwa hiyo 720 kwa 1,280. Nafasi yake ndani ya ukurasa iache vilevile, 360 kwa 640. Halafu mchoro wenyewe uukuze mara mbili, ili ujaze kiwanja kipya. Anayesahau hatua ya pili atapata tangazo linalofurika nje ya kioo. Anayesahau ya tatu atauona mchoro wake umejikunyata kwenye kona ya juu kushoto, umechukua robo ya kiwanja, na atadhani ameharibu kila kitu kumbe amebakiza mstari mmoja tu.

Jambo linaloniuma ni kwamba Animate ilikuwa imenifanyia kazi hiyo. Faili la HTML inalolitoa lina kipande cha msimbo kinachouliza devicePixelRatio, kinazidisha, kinapanga nafasi na kukuza jukwaa. Mimi nilichukua kanvasi na faili la JavaScript peke yake nikavibandika ndani ya ukurasa wa mama, na kipande kile nikakiacha nje kwa kuwa kilionekana kirefu. Nimeona wenzangu kadhaa wakifanya hivyohivyo. Waliochora kwa Flash zamani hawakulijua tatizo hili kwa sura hii, kwa sababu Flash Player ilibeba mistari hadi kwenye kioo na kuichora pale. Adobe iliacha kuihudumia Flash Player tarehe 31 Desemba 2020, na tangu hapo anayetoa kazi kwa njia ya kanvasi amepokea pia jukumu la kuhesabu nukta.

Baada ya kukirudisha kile kipande, herufi zikawa safi na mlima ukatulia. Chukudu likabaki na moshi wake. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, na hapa ndipo ningependa msomaji anayechora asimame nami.

Nilikuwa nimelipaka chukudu rangi yake ya mbao, kisha, ili lionekane linatoka kivulini, nikaiwekea simboli yake, yaani kifurushi ambamo Animate hukibeba kitu, ile athari ya rangi inayotia weusi juu ya kitu kizima. Ni jambo la kubofya mara mbili. Ndani ya programu halina madhara yoyote. Lakini kazi ikitoka kwenda kwenye wavuti, inaendeshwa na maktaba iitwayo CreateJS, ambayo huitekeleza athari hiyo kama kichujio, na CreateJS haiwezi kuweka kichujio juu ya mistari. Kichujio hufanya kazi juu ya nukta. Kwa hiyo kwanza inaipiga simboli picha kwa ukubwa wake wa asili, inaihifadhi, kisha inaweka weusi juu ya ile picha. Kuanzia hapo chukudu si vekta tena. Ni foto ndogo iliyovaa nguo za vekta.

Nilifungua faili la JavaScript kwa programu ya kawaida ya kuandikia maandishi nikatafuta neno cache lenye nukta mbele yake. Likajitokeza, na baada yake mabano yenye namba nne: -2, -2, 94, 64. Mbili za mwanzo ni kona ya kuanzia, mbili za mwisho ni upana na kimo. Basi chukudu langu zima, na magurudumu yake, na magunia yake, na mikono ya yule kijana anayeliongoza, lilikuwa limebanwa ndani ya picha ya nukta 94 kwa 64. Mwishoni mwa safari lilikua mara nne, na uwiano wa simu ukaongeza mara mbili, jumla mara nane. Mara nane kwa upana na mara nane kwa kimo: kila nukta moja ilikuwa ikinyooshwa ifunike nukta 64 za kioo. Hakuna nguo inayovumilia kuvutwa hivyo.

Kuna tiba ya haraka. Mabano yale hukubali namba ya tano, ambayo ni kipimo cha kupigia picha. Nikiandika 8 mwishoni, picha inapigwa kwa nukta 752 kwa 512 na ukungu unatoweka. Inafanya kazi, niliijaribu. Ila ina kasoro inayomrudia mtu akiwa amesahau: siku utakapobadilisha neno moja ndani ya Animate na kutoa kazi upya, programu italiandika faili upya na namba yako ya tano itafutika bila taarifa. Mteja ataona moshi umerudi, nawe utaapa kwamba ulikwisha kuutoa.

Tiba ninayoiamini ni ya kwenye mzizi. Niliondoa ile athari, nikaingia ndani ya simboli, nikachagua kahawia iliyokoza zaidi kwa mkono wangu, ubao kwa ubao. Kivuli cha chini, ambacho nacho kilikuwa kichujio, nilikichora kama umbo la yai lililobapa lenye rangi nyeusi inayopenyeza kidogo. Dakika arobaini za kazi. Nilipotoa faili tena, neno cache lilikuwa limetoweka kwenye sehemu ya chukudu, na kwenye simu magurudumu yakawa na makali tangu yanapotokea mbali hadi yanapojaza kioo.

Kama kichujio hakiepukiki, basi chora kitu kwa ukubwa wa mwisho kitakaoufikia, uanze safari ukiwa umekipunguza. Picha kubwa ikipunguzwa haiharibiki sana. Picha ndogo ikikuzwa haiponi. Na kabla ya kulaumu simboli moja moja, tazama mipangilio ya kutolea kazi: matoleo ya karibuni ya Animate yana chaguo la kugeuza michoro yote kuwa tekscha, yaani karatasi moja ya picha zilizokatwakatwa. Ukilichagua bila kujua, umegeuza daftari zima kuwa nguo kabla kazi haijatoka nyumbani.

Nisieleweke kwamba kuhifadhi kitu kama picha ni kosa. Mlima wangu ulikuwa na pointi mamia kwa mamia, theluji, mabonde, misitu ya chini, na kilele cha Margherita chenye urefu wa meta 5,109 juu kabisa. Kuuchora upya mara 24 kila sekunde ni adhabu kwa simu ya bei rahisi. Inapata joto, na chukudu linaanza kurukaruka badala ya kushuka. Mlima hausogei wala haukui. Kwa hiyo nilikusudia uhifadhiwe kama picha, kwa kipimo cha 2, na hakuna mtu aliyegundua. Kanuni niliyojiwekea ni fupi: kinachosimama kinaweza kupigwa picha, kinachokua kibaki mistari.

Ugonjwa wa tatu ulikuwa ndani ya nembo ya biashara inayotokea pamoja na jina, na huu ndio ninaoukuta mara nyingi zaidi katika miji yetu hii miwili. Mama alinitumia nembo yake kwa WhatsApp. Aliyemchorea mwanzo hayupo mjini tena, kompyuta iliyobeba faili la asili haijulikani iliko, na kilichobaki ni foto ya kibao cha dukani. Hali hiyo imewakuta wafanyabiashara wengi ninaowahudumia: nembo yao inaishi kwenye kibao, kwenye muhuri na kwenye simu, lakini mistari yake haiko popote. Foto ya aina ya JPEG hugawanywa katika vipande vya nukta nane kwa nane na kila kipande hubanwa peke yake. Kwa uso wa mtu au anga la jioni, macho hayaoni. Kwa herufi nyeusi juu ya nyeupe, kila ukingo unazungukwa na vumbi la kijivu. Itumwe tena, ibanwe tena, vumbi linaongezeka.

Mtu anapoipokea foto hiyo, akaiweka ndani ya programu ya vekta na kuihifadhi kwa jina linaloishia na SVG, hajabadilisha kitu. Ameiweka nguo ndani ya jalada la daftari. Nilikuwa nimelifanya jambo hilo kwa haraka, nikijiambia kwamba SVG ni SVG. Ukitaka kujua ukweli wa faili, lifungue kwa programu ya maandishi. SVG yenye mistari ina neno path mara nyingi na namba fupifupi baada yake. Unaweza karibu kuisoma. SVG iliyoficha foto ina neno image, halafu furushi la herufi na tarakimu zisizo na maana, ukurasa baada ya ukurasa.

Programu nyingi zina kitufe cha kufuatisha foto na kuigeuza mistari yenyewe. Kwa mchoro mkubwa na safi kinafaa. Kwa foto iliyopita WhatsApp hakifai, kwa sababu hakijui kutofautisha herufi na vumbi lake. Kinafuatisha vyote, na unapata jina la mama lenye kingo zilizoliwa na mchwa. Nilikaa jioni moja na Inkscape, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003 na isiyodai malipo ya kila mwezi ambayo wengi wetu hatuyamudu, nikaichora nembo upya kwa mkono juu ya ile foto. Tunda la kakao lilinichukua pointi kumi na mbili tu. Ndipo nembo ikawa na mistari kwa mara ya kwanza tangu faili lake la asili lipotee.

Anayechora kwa SVG peke yake, bila kanvasi, ana amani zaidi, ila naye ana mtego wake. Katika CSS kuna agizo la will-change ambalo watu hulinakili kutoka kwenye mafunzo ili mwendo uwe laini. Linakiambia kivinjari kwamba kitu kitasogea, nacho kinajiandaa kwa kukipiga picha kwa ukubwa wa wakati ule. Kitu kikikuzwa baadaye, kinachokuzwa ni picha. Liondoe agizo hilo kwenye vitu vinavyokua, au liwekwe tu wakati wa mwendo na liondolewe unapokwisha. Wanaotumia Lottie, ule mfumo ambao Airbnb iliutoa mwaka 2017 na kuupa jina la Mjerumani Lotte Reiniger aliyetengeneza filamu za vivuli vya karatasi, wanabeba mistari hadi kwenye simu kwa namba tu, na matokeo huwa mazuri, mradi michoro iwe imegeuzwa kuwa maumbo kabla ya kutolewa. Mchoro usiogeuzwa huingia humo kama picha, nasi tunarudi kule kule.

Na mistari myembamba: mstari wa unene wa nukta moja ukiwekwa hasa kwenye namba kamili, tuseme 10, nusu yake inaangukia nukta ya kushoto na nusu ya kulia, na zote mbili zinatoka kijivu. Usogeze hadi 10.5. Basi.

Sasa gharama. Kila nukta ya kanvasi huchukua baiti nne za kumbukumbu. Kanvasi ya 720 kwa 1,280 ina nukta 921,600, kama megabaiti 3.7. Ukiruhusu uwiano wa 3, yaani 1,080 kwa 1,920, unafika nukta 2,073,600, zaidi ya megabaiti 8, na zote zichorwe upya kila fremu. Hilo halimalizi mega za mteja, kwa sababu nukta zinazaliwa ndani ya simu yake, lakini linamaliza betri, na hapa kwetu betri si kitu cha kuchezea. Kuna mitaa ambayo mtu anailipia simu yake ili ikachajiwe kibandani. Mimi huweka kikomo: simu ikijibu 3, naihesabu 2. Macho ya kawaida, simu ikiwa umbali wa mkono, hayaoni tofauti kubwa kati ya hizo mbili, ila yanaona vizuri sana tofauti kati ya 1 na 2.

Kuna atakayesema nimehangaika mno kwa ajili ya moshi kidogo kwenye chukudu la katuni. Sisi wa huku tuna sababu ya kulijali jambo hili. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola ulioonekana Mangina, karibu na Beni. Ulipotangazwa kwisha, 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuwa wameugua na 2,287 walikuwa wamefariki. Katika miezi ile uvumi ulipita kwenye simu haraka kuliko gari lolote la wauguzi. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Chuki ile ilikuwa na mizizi mirefu, ya vita, ya siasa, ya uchaguzi ulioahirishwa katika miji yetu na Yumbi peke yake, na picha safi isingeing'oa. Lakini mchoro wa kunawa mikono wenye maandishi yasiyosomeka humwachia mtu mwingine nafasi ya kuueleza, na mtu huyo si lazima awe muuguzi.

Wanaochora kwa ajili ya afya wanalijua hili. Yoni Goodman, aliyeongoza uhuishaji wa filamu ya Waltz with Bashir ya mwaka 2008 kwa vipande vilivyokatwa na kusogezwa ndani ya Flash, ndiye aliyetengeneza pia katuni ya The Story of Ebola ya Global Health Media Project. Mistari ni michache, maumbo ni makubwa, uso unasomeka hata kwenye kioo kidogo. Wachoraji wa Butembo na Beni wana mkono wa kufanya kazi ya namna hiyo kwa Kinande na kwa Kiswahili chetu. Nimewaona. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia mstari unakofia.

Tangazo la mama sasa liko safi. Asubuhi Butembo, kwenye mwinuko wa meta zaidi ya 1,700, kunapokuwa na ukungu wetu na Beni kule chini jua limekwisha kutoka, yeye hulifungua kwenye simu yake yenye ufa kwenye kona, na jina lake linasomeka.

Kwa hiyo, wewe unayemlipa mchoraji, mdai faili la mistari pamoja na picha, na ulihifadhi mahali pawili, kwenye fleshi na kwenye barua pepe yako. Ukiituma nembo kwa WhatsApp, itume kama hati. Usiitume kama picha. Nawe unayechora, usimkabidhi mteja kazi kabla hujaiona kwenye simu yake.